Rangi Iwe ya Mwisho

Nilipolinunua gari langu la kale, Land Rover Series III pikapu, ile ya chasi ndefu ambayo watu huiita mia na tisa, nilianza na rangi. Lilikuwa limekaa miaka tisa chini ya mparachichi kwenye shamba la kahawa upande wa Moshi, boneti imejaa mabonde madogo ya maparachichi yaliyoiva na kuanguka. Fedha niliyobaki nayo nikampa fundi rangi. Baada ya wiki mbili gari likarudi kijani, linang'aa, majirani wakatoka nje kulitazama.

Jumapili nikampeleka mzee mmoja, fundi aliyestaafu, akalione.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Rangi hakuitazama. Alitandika kipande cha boksi chini, akajilaza, akaingia uvunguni na nyundo ndogo. Nikasikia ngo, ngo, ngo, kisha pu. Ngo, ngo, kisha pu tena. Alipotoka alijipangusa mikono na kuniambia, "Mwanangu, umemvika maiti suti."

Chasi ilikuwa imeoza sehemu tatu. Kuichomelea kulitaka bodi ifunguliwe, cheche zikaila rangi mpya, na milango iliyokuwa imepangwa vizuri ikakataa kufunga baada ya chasi kunyooshwa. Rangi ile ile nikailipia mara mbili.

Ushauri wangu wote umetoka kwenye kosa hilo. Kazi ya gari la kale hupanda kutoka chini kwenda juu: chasi, breki, injini, umeme, bodi, halafu rangi. Anayeugeuza mpangilio huu hulipa mara mbili, na wengi huishia kuuza gari likiwa vipande ndani ya magunia.

Chagua gari lenye ndugu mjini

Kabla hujapenda sura, uliza spea. Gari la kale linahitaji ndugu: magari mengine ya aina yake yanayotembea, mafundi wanaolijua, na maduka yanayouza vipuri vyake. Afrika Mashariki pikapu za namna hiyo hazizidi vidole vya mkono mmoja. Kuna Land Rover za Series. Kuna Peugeot 504, ambayo Kenya ilibebeshwa mabenchi nyuma ikawa matatu, abiria wakikaa wanatazamana. Kuna Datsun 1200, nyepesi na rahisi kwa anayeanza. Kuna Toyota Hilux na Stout za miaka ya sabini, ndugu wa zile pikapu zilizobeba watu Dar es Salaam kwa jina la chai maharage.

Zunguka Kariakoo na Ilala ukiwa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi, uwe na orodha ya vitu vitano tu: gasketi ya hedi, vifaa vya masta silinda, pampu ya maji, klachi na kioo cha mbele. Ukivipata vitatu kati ya hivyo kwa siku moja, gari hilo unaliweza. Ukikosa vyote, jua kwamba kila hitilafu ndogo itakusimamisha miezi miwili ukingoja mzigo kutoka nje. Kioo cha mbele cha Land Rover hizi, kwa mfano, ni bapa kabisa, vipande viwili vimepangwa ubavu kwa ubavu. Fundi vioo yeyote anaweza kukukatia, mradi atumie kioo cha usalama cha magari na si cha madirisha. Cha Peugeot kimepinda, na usipokipata dukani huna pa kukikata. Tofauti ndogo kama hiyo ndiyo inayoamua kama utafika mwisho.

Kabla ya kutoa fedha

Land Rover hudanganya wanunuzi kuliko pikapu nyingine. Ilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, chuma Uingereza kilikuwa bado kinatolewa kwa mgawo baada ya vita, kwa hiyo kampuni ya Rover ikaitengenezea bodi ya aluminiamu. Aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma. Ndiyo maana utakuta gari la miaka hamsini lina mbavu zilizonyooka na milango mizima, ukadhani umeokota dhahabu. Lakini chasi iliyoibeba bodi hiyo ni ya chuma, imeundwa kama boksi refu lenye uwazi ndani. Matope na maji vikiingia humo haviondoki, na kuoza kunaanzia ndani, mahali usipopaona.

Kwa hiyo nenda na nyundo ndogo, bisibisi imara na tochi. Gonga chasi yote kwa urefu. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Kazania boriti ya nyuma kabisa inayoshika ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka kwenye chasi kushika kabini, na sehemu zinapofungwa springi. Kisha inua zulia la kabini utazame pale dereva anapoweka miguu. Ukuta unaotenga injini na kabini ni wa chuma, na sakafu yake na nguzo za milango ndizo hutoboka mapema. Ukiona lami nyingi mpya imepakwa chini ya gari linalouzwa, uliza inaficha nini.

Baada ya hapo, karatasi. Namba ya chasi iliyo kwenye kadi ya gari lazima ilingane na iliyogongwa kwenye chasi yenyewe, kwa kawaida mbele upande wa kulia karibu na mwanzo wa springi. Isugue kwa brashi ya waya uisome kwa macho yako. Gari lisilo na kadi, hata likiuzwa bei ya mbuzi, ni mzigo wa vyuma chakavu.

Injini iliyokaa muda mrefu usiruhusu iwashwe kwa papara. Toa plagi, mimina kijiko cha oili kila silinda, iache ilale, kesho yake izungushe kwa mkono. Land Rover hizi zina tundu la hendeli mbele kwa kazi hiyo hiyo. Ikizunguka laini, ndipo ufikirie betri. Ikikataa, usiilazimishe. Punguza bei.

Fungua kwa daftari

Magari mengi ya namna hii hufia kwenye kufungua. Mtu anashikwa na hamu siku ya kwanza, jioni gari limekuwa vipande mia mbili, na baada ya miezi sita hakumbuki bolti ipi ilitoka wapi.

Kama chasi si mbovu sana, nakushauri usifungue gari lote. Chukua kazi moja, imalize, gari lirudi kwenye magurudumu, ndipo uchukue nyingine. Gari linalotembea hata mita hamsini uani linakupa moyo wa kurudi Jumamosi inayofuata. Lililo kwenye mawe linakuwa banda la kuku.

Piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote, na nyingine katikati. Weka bolti za kila sehemu kwenye kopo lake, ukiandika jina juu. Katika daftari weka kurasa tatu: kilichotoka, kilichonunuliwa na bei yake, na kinachosubiri. Ukurasa wa bei utakuumiza, lakini utakuzuia kununua taa za urembo wakati masta silinda bado inavuja.

Nunua spana za inchi. Hapa ndipo mafundi wetu wengi huharibu gari la Kiingereza. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, inaonekana inafaa, lakini inacheza. Mara ya pili imeshakula kona za nati, na mara ya tatu unatafuta patasi. Nati iliyoshikwa na kutu ipe mafuta ya kupenya jioni, uirudie asubuhi. Usiku mmoja wa kusubiri unaokoa siku nzima ya kutoboa.

Chasi kwanza

Palipotoboka padogo, kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, kisha chomelea bati jipya la unene ule ule. Usikubali kiraka juu ya kutu. Kitashika mwaka mmoja huku kutu ikiendelea kula chini yake. Kabla ya kuchomelea, toa waya za betri na za altaneta, ondoa tangi la mafuta na mabomba yake, weka ndoo ya mchanga karibu. Tangi la petroli lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Tangi linalovuja lisichomelewe na fundi wa mtaani kwa kusuuzwa maji tu. Tafuta jingine, au mwenye utaalamu wa kazi hiyo.

Ukimaliza, usafishe ndani ya boksi la chasi kwa maji ya nguvu kupitia matundu yake, liache likauke siku kadhaa za jua, kisha nyunyiza nta ya chasi ndani. Matundu ya kutolea maji yaache wazi. Wanaoyaziba kwa nia njema wanatengeneza pipa.

Mahali aluminiamu inapogusana na chuma, unyevu ukiingia kati yao aluminiamu hugeuka unga mweupe. Tenganisha vitu hivyo viwili kila unapofunga: rangi pande zote mbili, na ukanda wa mpira au plastiki katikati.

Breki kabla ya injini

Vijana hukimbilia injini kwa sababu ina sauti. Breki haina sauti, lakini ndiyo itakayokurudisha nyumbani. Mia na tisa ina breki za dramu magurudumu yote manne. Kwa gari lililolala miaka, mipira yote ya masta silinda na wilo silinda ibadilishwe hata kama inaonekana mizima, na mabomba ya chuma yenye kutu vivyo hivyo. Tumia mafuta ya breki peke yake. Oili ya injini ikiingia humo, mipira huvimba na mfumo wote unaharibika.

Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa upepo wa kompresa. Breki za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto huua mapafu polepole. Lilowanishe kwa maji, lifute kwa kitambaa, kitambaa ukifunge kwenye mfuko ukitupe.

Kuna jambo lingine ambalo limewajeruhi watu. Hendibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka gia boksi kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliachia lizunguke hewani, na gari lote linaweza kutoka kwenye jeki hata kama umeivuta hendibreki mpaka mwisho. Weka vigingi au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na usiingie uvunguni mpaka gari limekaa kwenye stendi imara. Jeki ni ya kuinulia tu. Ya kulalia chini yake ni stendi.

Injini: anza na vitu vya bei rahisi

Injini ya sentimita za ujazo 2,286, ya petroli au dizeli, ni mnyama mvumilivu. Kabla mtu hajakwambia ifanyiwe ovahoo, badilisha oili na filta, safisha tangi na bomba la mafuta, na kwa ya petroli fungua kabureta uioshe, weka plagi mpya, na urekebishe pointi ziachane milimita 0.35 hadi 0.40. Vali ziwe na nafasi ya inchi 0.010, yaani milimita 0.25, zote sawa. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Magari mengi yaliyohukumiwa kifo yamefufuka kwa Jumamosi moja ya kazi hiyo.

Kisha tazama moshi. Wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi, na mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, unaelekeza kwenye gasketi ya hedi. Pima mgandamizo wa kila silinda. Ukikuta zinakaribiana, acha injini ilivyo, fedha ipeleke kwingine.

Ikilazimu kuinua hedi, fikiria petroli ya leo. Injini hizi zilizaliwa wakati petroli ilikuwa na risasi, na risasi ilisaidia kulinda viti vya vali. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa kufikia mwisho wa 2005, kwa sababu ilidhuru akili za watoto. Hedi ikiwa tayari mezani, mwambie fundi mashine aweke viti vigumu vya vali za kutolea moshi, na hutalirudia jambo hilo tena.

Waya zina lugha yake

Umeme wa gari la kale hautishi ukijua rangi zake. Kwenye magari ya Kiingereza ya wakati huo waya nyeusi ni athi, ya kahawia inatoka betri moja kwa moja, nyeupe inapata umeme ukifungua swichi, ya kijani ni ya vifaa vilivyopita kwenye fyuzi, nyekundu ni taa ndogo na ya buluu ni taa kubwa. Fundi akileta waya moja nyekundu ya mita ishirini ili aunganishie kila kitu, mrudishe dukani. Atakayetafuta hitilafu usiku porini ni wewe.

Taa ikififia au ikiwaka nusu, anza na athi. Safisha inapogusa bodi na chasi kwa msasa, kaza, paka grisi kidogo. Na kwa kuwa waya hizi zimetafunwa na panya na miaka, weka fyuzi za ziada. Land Rover hizi zilitoka kiwandani na fyuzi chache mno.

Kulifanya liwe lako

Hapa raha inaanza, na wengi hupoteza njia hapa hapa. Kanuni yangu ni fupi: badilisha kinachofungwa kwa bolti, usikate kile usichoweza kurudisha. Kufunga mikanda ya usalama, taa zenye mwanga bora, au mfumo wa kielektroniki badala ya pointi ni mabadiliko ya bolti. Siku ukitaka gari lirudi asili, unayafungua. Kukata paa au kupunguza chasi ni ndoa isiyo na talaka.

Wanaotaka injini nyingine, hasa dizeli za Tdi za Land Rover wenyewe, wana sababu nzuri ya mafuta. Lakini injini yenye nguvu zaidi isitangulie breki bora, na namba ya injini mpya iandikishwe kwa mamlaka ya usajili kabla hujakutana na askari barabarani.

Urembo mzuri kuliko wote upo hapa kwetu na haununuliwi nje. Sakafu ya bodi ya nyuma ipige mbao za mninga, ukiziacha na nafasi ndogo kati yao kwa ajili ya kuvimba wakati wa mvua, na uzipake mafuta badala ya vanishi. Viti mpelekee fundi wa kushona viti vya mabasi, ambaye anajua kitambaa kinachostahimili jasho na vumbi. Turubai likashonwe na wanaoshonea malori. Na kama unataka maneno nyuma, mtafute mchoraji wa maandishi ya daladala, awe wa brashi na si wa stika.

Sasa rangi

Endesha gari kwanza kilomita mia tano likiwa na praima tu. Watakucheka. Katika kilomita hizo utagundua uvujaji, mlio, bolti iliyolegea na mlango unaosugua, na kila kimoja utakirekebisha bila kuogopa kukwaruza kitu. Likitulia, ndipo uite fundi rangi.

Bodi ya aluminiamu usiipige mchanga wa kompresa, itajikunja. Rangi ya zamani iondolewe kwa dawa au kwa msasa wa maji, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, maana rangi za miaka ile huwa na risasi. Tumia praima maalumu ya aluminiamu. Ya kawaida itabanduka kama ganda la ndizi. Puti iwe nyembamba. Bonde linalotaka puti ya unene wa kidole linataka nyundo ya fundi bodi, si puti. Mabonde ya maparachichi kwenye boneti yangu niliyaacha.

Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha, mengine yanang'aa, mengine yamechubuka mbavu zote. Watu walipita wakipiga picha rangi. Na hata langu, mgeni akija nyumbani, huanza kusifia kijani chake. Namwachia amalize. Kisha nachukua kipande cha boksi kilichoegemea ukutani, nakitandika chini, nampa tochi, namkaribisha uvunguni.